Mahari Yangu si Kodi ya Nyumba



Msimu wa harusi ukikaribia, mazungumzo yetu huwa ni ya singo, hina, ukumbi na rangi ya nguo za sare. Nyumba ya kukaa baada ya sherehe hutajwa mwisho, tena kwa mkato: "Hilo mume atajua." Leo naomba tuizungumze nyumba. Nazungumza hasa na nyinyi mnaotoka Unguja na Pemba mkiolewa Bara, na zaidi wale wanaoelekea Mwanza, kama nilivyoelekea mimi.

Niliolewa 2024 na kijana wa Mwanza, mtoto wa familia ya Kiislamu ya pale mjini. Mahari yangu ilikuwa shilingi milioni 2 taslimu na bangili mbili za dhahabu. Naitaja, si kwa kujionesha, bali kwa sababu habari yenyewe inaanzia hapo. Wiki chache kabla ya ndoa, mzee mmoja wa upande wa mume alileta shauri kwa wazee wangu. Nyumba nzuri imepatikana Buhongwa, mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima, na kijana pesa zake hazitoshi. Basi kwa nini mahari isitangulizwe kwenye kodi? Si wote watakaa nyumba hiyo hiyo?

Mzee hakusema kwa ubaya. Shauri kama hilo hutolewa kwenye posa nyingi, na mabibi harusi wengi hukubali kwa haya. Mimi nilimwomba baba yangu ruhusa ya kujibu mwenyewe, kwa adabu. Nikasema: mahari ni yangu na maskani ni wajibu wake. Kama nyumba ile hawezi kuilipa, basi tutafute nyumba anayoiweza, na mimi nitakuwa radhi nayo.

Maskani ni haki, lakini ina kipimo

Tulifundishwa skuli na chuoni kwamba mke anamdai mumewe chakula, mavazi na mahali pa kukaa. Aya ya 6 ya Suratut Talaq, ingawa inazungumzia wanawake walioachwa, inaagiza wawekwe wanapokaa waume kwa kadiri ya uwezo wao, na wanazuoni wanasema mke aliye ndani ya ndoa anastahiki zaidi. Tusilipite neno "uwezo". Linatulinda sisi, na linamlinda mume pia. Bibi harusi hana haki ya kumtaka mume mwenye duka dogo ampangie nyumba ya Capri Point yenye kibaraza cha kutazama ziwa. Na mume hana haki ya kupanga nyumba iliyo juu ya uwezo wake halafu akatazama bangili za mkewe.

Mahari nayo ina aya yake, ya 4 katika Suratun Nisaa. Ni ya mwanamke, na mume anaweza kula sehemu yake ikiwa tu mke ameridhia mwenyewe kwa moyo safi. Ridhaa inayotolewa mbele ya wazee kumi, harusi imebaki wiki tatu na kadi zimeshagawiwa, kila mmoja wetu ajiulize kama hiyo ni ridhaa.

Nyumba tatu, hesabu tatu

Baba alinituma Mwanza pamoja na shangazi yangu kwenda kuziona nyumba kwa macho. Wenye uwezo wa kufanya hivyo wafanye. Mwanza ni jiji la mawe. Nyumba zimepanda milima ya Isamilo, Bugando, Igogo, Mabatini na Kirumba mpaka juu kabisa, na nyumba mbili zenye kodi sawa zinaweza kuwa maisha mawili tofauti kwa sababu moja iko chini barabarani na nyingine iko juu baada ya ngazi za mawe.

Nyumba ya kwanza ndiyo ile ya Buhongwa, vyumba viwili, sebule na uwanja wake. Kodi shilingi 150,000 kwa mwezi, kwa mwaka 1,800,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Jumla 1,950,000 kabla hujanunua hata ndoo. Mchumba wangu alikuwa na 1,100,000. Hizo 850,000 zilizopungua ndizo zilizokuwa zikitafutwa kwenye mahari yangu.

Ya pili ilikuwa Kirumba, chumba na sebule, choo ndani, katikati ya mlima. Kodi 130,000, na mwenye nyumba alikubali miezi sita. Hiyo ni 780,000, na dalali 130,000, jumla 910,000.

Ya tatu ilikuwa bure. Chumba kwa mama mkwe, jiko moja, choo kimoja, pamoja na mashemeji wawili.

Shangazi yangu, Mungu amhifadhi, hakutazama kodi peke yake. Alitoa kalamu akauliza nauli. Kutoka Buhongwa hadi mjini tulihesabu shilingi 700 kwa daladala. Kwenda na kurudi ni 1,400, kwa siku 26 za kazi ni 36,400. Mume anafanya kazi mjini, mimi nilishapata pa kushonea mjini, kwa hiyo mara mbili: 72,800 kila mwezi. Nyumba ya 150,000 kumbe ni ya 222,800. Kirumba mume angekwenda kwa miguu na mimi pia. Tukaongeza 20,000 ya kubebewa maji siku ambazo bomba halitoki, kwa sababu maji kupanda mlima si kazi nyepesi, ikawa 150,000. Tofauti ya nyumba hizo mbili ilikuwa 72,800 kwa mwezi, na ile ya bei kubwa zaidi ndiyo iliyotaka mahari.

Sikusema Buhongwa pabaya. Kwa mwenye kazi huko huko, au mwenye watoto wanaohitaji uwanja, pengine ndipo penye nafuu. Ninachosema ni kwamba kodi ni mstari wa kwanza tu wa hesabu. Andika chini yake nauli, maji, umeme, ada ya taka ya mtaa, na umbali wa msikiti na chuo cha watoto.

Na ile nyumba ya bure? Mama mkwe wangu mwenyewe ndiye aliyetusaidia. Alimwambia mwanawe mbele yangu: "Mlete mwali wangu aje kunisalimia kila siku, lakini mpe mlango wake mwenyewe." Wanazuoni wamelieleza hilo vizuri: mke anastahiki mahali penye faragha yake, asilazimishwe kuvaa buibui ndani ya nyumba yake kwa kuwa shemeji yupo sebuleni. Bure isiyo na faragha ina bei yake, nayo hulipwa na mke.

Tukachukua Kirumba.

Kodi iliyojificha kwenye umeme

Hili ndilo wengi wetu kutoka visiwani hatulijui. Kwetu tumezoea umeme wa TUKUZA. Bara wanatumia LUKU, na tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo unaponunua umeme. Mwanzo ilikuwa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Tangu Julai 2023 ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi. Kwa majengo ya ghorofa mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa, yaani 7,500 kwa mwezi.

Kwa sheria, kodi hii ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Lakini kwa kuwa imefungwa kwenye mita, anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Na ikiwa nyumba imekaa tupu bila mtu kununua umeme, kodi haisimami, inajilimbikiza. Nyumba iliyokaa tupu miezi minane ina 12,000 zinazomsubiri mpangaji mpya siku ya kwanza. Utaweka 20,000, ushangae uniti zilizoingia.

Kwa hiyo fanyeni haya kabla ya kulipa kodi ya nyumba. Nunua umeme kidogo kwa mita ile, hata wa shilingi 5,000, kisha soma risiti mstari kwa mstari. Utaona kodi ya ongezeko la thamani, tozo za EWURA na REA, na ukiwepo mkato wa deni au wa kodi ya jengo utauona. Kama kuna deni la nyuma, mwoneshe mwenye nyumba lingali mbichi. Halafu kwenye mkataba andikeni mstari mmoja: kodi ya majengo itakayokatwa kwenye LUKU itapunguzwa kwenye kodi ya pango. Kwetu ilikuwa 1,500 mara 6, shilingi 9,000. Mwenye nyumba alicheka, akasema 9,000 tu? Mume wangu akamjibu kwa upole kwamba kama ni ndogo kwetu, ni ndogo na kwake. Akasaini.

Kama mnakaa na mzee, kama mama mkwe au bibi, kumbukeni pia kwamba sheria ina msamaha wa kodi ya majengo kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Msamaha haujileti. Lazima mtu amsaidie kwenda TRA na uthibitisho. Bibi harusi mgeni anayemshika mkono mama mkwe wake kwenda kulifuatilia hilo amejijengea nyumba moyoni mwake.

Mkopo wa kodi

Kodi ya mwaka mzima ndiyo inayowasukuma vijana wengi kwenye mikopo ile inayoitwa "kausha damu". Anakopa ili aoe, anaanza ndoa na riba, na ndani ya miezi mitatu mafriji na makochi ya harusi yanachukuliwa. Riba hatuna ruhusa nayo, na hata aliyesahau hukumu yake ataona madhara yake. Bora chumba na sebule cha halali kuliko nyumba nzima inayogongwa mlango na wadai. Na mwenye mahitaji makubwa zaidi, kama kujenga, aulize huduma zisizo za riba. Amana Bank ilianza 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine kadhaa zina madirisha ya namna hiyo. Soma masharti, muulize shekhe unayemwamini, ndipo usaini.

Kiwanja cha kando ya ziwa

Mwaka mmoja baadaye tulianza kutafuta kiwanja. Hapo ndipo utoto wangu wa pwani ulipotaka kunitia tamaa. Dalali alitupeleka upande wa Luchelele, kiwanja kizuri, mawimbi yanagonga mawe, upepo kama wa Forodhani. Bei haikuwa kubwa, na hilo lenyewe ni la kujiuliza.

Dada zangu, ziwa si bahari. Bahari tunaijua, inajaa na kupwa kila siku na tunazijua saa zake. Ziwa Victoria likipanda halirudi jioni, linakaa miezi. Lilipanda sana 2020, likapanda tena 2024, na watu wa mwambao waliona maji yakiingia uwani na mashambani. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tulipima kwa hatua kutoka majini, na nusu ya kiwanja kile ilikuwa ndani ya mita hizo 60. Ukinunua hapo umenunua kesi. Na pwani ya ziwa ina kichocho. Watoto wanaocheza na kuoga kwenye maji yale wanakipata, kwa hiyo hata anayekaa karibu na ziwa anahitaji bomba.

Tulitazama pia upande wa Usagara, njia panda ya kwenda Kigongo. Tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji badala ya kusubiri kivuko, madalali wa huko hawazungumzi dakika mbili bila kulitaja daraja. Daraja ni kweli na faida yake ni kweli. Lakini kiwanja kikiwa hakijapimwa, hakipimiki kwa kuwa daraja liko karibu. Tuliuliza maswali manne: kimepimwa, kina namba? Anayeuza ndiye mwenye jina? Ofisi ya serikali ya mtaa inamjua? Kodi ya ardhi imelipwa mpaka lini?

Hiyo kodi ya ardhi si ile ya LUKU. Ya majengo ni ya nyumba, ya ardhi ni ya kiwanja chenye umiliki rasmi, hulipwa kila mwaka kulingana na ukubwa, mahali na matumizi, hata kama hujaweka tofali moja. Muuzaji akiwa hajalipa miaka mitano, deni linakufuata wewe.

Hapo ndipo mahari yangu ilipotoka

Tulipata kiwanja kilichopimwa, shilingi milioni 4. Mume wangu alikuwa na 2,400,000. Safari hii hakuna aliyeniomba. Nilisema mwenyewe, usiku, tukiwa wawili: nitatoa 1,600,000 kwenye mahari yangu, na jina langu litaandikwa.

Jamaa mmoja aliposikia alisema kuandikana majina ni dalili ya kutoaminiana. Mume wangu akamkumbusha aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara. Inazungumzia nini? Kuandika deni na kuweka mashahidi, baina ya waumini. Kama kuandika kungekuwa ni kutoaminiana, tusingeamrishwa.

Tukaandika majina yote mawili kwenye mkataba wa mauziano, na mafungu yetu: 60 kwa 100 yake, 40 kwa 100 yangu, mbele ya mwanasheria na mashahidi wa pande zote mbili.

Kwa nini nilisisitiza? Kwa ajili ya mirathi. Mume akifariki, mke anapata thumuni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha mtoto, au robo ikiwa hana. Hukumu hiyo ni ya Mwenyezi Mungu na sina neno nayo. Lakini inahusu mali ya marehemu. Kama mahari yangu imezama kwenye kiwanja chenye jina lake peke yake, bila maandishi, pesa yangu mwenyewe itagawiwa kama urithi wake, na mimi nitapewa moja ya nane ya kilicho changu. Hakuna atakayekuwa amenidhulumu kwa makusudi. Ni kwamba hakuna atakayejua.

Sheria ya nchi nayo inasaidia, na hii tuijue sisi wa visiwani kwa sababu ni ya Bara na kwetu haitumiki. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa hata ikiwa ya mwanandoa mmoja, hawezi kuiuza, kuitoa zawadi wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mke anaweza kuweka zuio. Kifungu cha 60 kinasema mali ikiwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vingine, na ikiwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa mafungu ni sawa. Ndiyo maana sisi tuliandika mafungu yetu wazi, ili hata mume wangu asidhulumike kwa 10 kwa 100.

Ya kuuliza kabla ya ndoa

Bibi harusi mpendwa, waombe walii wako na shangazi au somo wakuulizie haya, au uulize mwenyewe kwa heshima:

Tutakaa wapi, na kodi inalipwa miezi mingapi mbele? Pesa hiyo ni ya nani, na kuna mkopo ndani yake? Nauli na maji kwa mwezi ni shilingi ngapi? Mita ya LUKU ina deni? Mlango ni wetu peke yetu? Mahari italipwa mkononi mwangu lini? Na tukinunua kitu pamoja, kitaandikwaje?

Mume mwema hachukizwi na maswali haya. Wangu alisema yalimpunguzia mzigo, kwa sababu alikuwa akiona aibu kukiri kwamba nyumba ya Buhongwa haiwezi. Wanaume nao hunyamaza kwa haya, wakaingia madeni ili tu wasionekane wadogo mbele ya wakwe.

Tunaomba Mwenyezi Mungu atupe nyumba zenye utulivu, ziwe kubwa au ndogo, za kupanga au za kwetu, juu ya mlima au kando ya maji, na riziki ya halali ya kuzilipia. Na kila bibi harusi anayefunga safari mwaka huu, Mungu amtangulie, amkutanishe na wakwe wenye imani na mlango unaofungika.

Wassalaam alaykum.